Betri ya simu imelipuka mfukoni: jeraha lioshwe kwa maji au lisioshwe?

Swali: Daktari, mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Tulimpokea kijana aliyeungua paja baada ya betri ya simu kulipuka mfukoni. Mwenzangu alitukataza katakata kumwagia maji, akisema lithiamu ikikutana na maji huwaka. Nani yuko sahihi?

Jibu: Osheni kwa maji, tena mengi. Hofu ya mwenzako ina msingi, ila inahusu zaidi betri zisizoweza kuchajiwa tena, ambazo ndani yake mna lithiamu ya metali. Betri ya simu hubeba lithiamu katika umbo la ioni (chembe zenye chaji ya umeme), na metali yenyewe huwa kidogo sana au haipo. Kwa hiyo kwanza vueni nguo, mtoe kwa kibanio kikavu kila kipande kilichonasa kwenye ngozi, kisha maji yafuate. Kipande cha metali kinachong'aa kiwekeni kwenye mafuta ya madini, kisiguse maji.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba majeraha haya hutibiwa kama ya moto tu. Betri ikilipuka huunguza kwa moto, hurusha vipande, na pia humwaga kemikali. Niliwahi kumpokea mgonjwa aliyekwisha kufungwa bendeji safi kabisa. Nilipoifungua, kwenye mkunjo wa kinena kulikuwa na utope mweusi, mwembamba kama masizi yaliyolowa. Nikagusisha karatasi ya litmasi, ikageuka buluu palepale, ishara ya alkali, yaani kemikali iliyo kinyume cha asidi. Alkali ilikuwa imekaa hapo saa kadhaa ikiyeyusha nyama, na kidonda kilichoonekana cha juujuu kikaishia kuhitaji kupandikizwa ngozi.

Ndiyo maana nawasihi mpime pH (kipimo cha asidi na alkali) kabla ya kuosha na baada ya kuosha. Ngozi isiyo na jeraha huwa karibu 5.5. Ikisoma 8 au zaidi, endeleeni kuosha. Ikishuka, subirini dakika 10 hadi 15 mpime tena, kwa sababu alkali iliyozama hupanda juu upya. Maji yawe ya uvuguvugu, na sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipatwe na baridi. Jicho likiguswa, lioshwe kwanza kabla ya yote.

Kuna jambo la pili ambalo litmasi haitawaambia vizuri. Chumvi ya lithiamu yenye florini iliyomo ndani ya betri ikikutana na unyevu huzalisha asidi ya haidrofloriki. Dalili yake ni maumivu makali kuliko jeraha linavyoonekana. Pakeni jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, msugue taratibu mkiwa mmevaa glavu, na mrudie mpaka maumivu yatulie. Msikimbilie kuchoma sindano ya ganzi, maana maumivu ndiyo yanayowaonyesha kama dawa inafanya kazi. Eneo likiwa kubwa, pimeni kalsiamu ya damu na umeme wa moyo mapema: floridi itokayo kwenye asidi hiyo huifunga kalsiamu, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya kawaida.

Mengine mnayajua: chanjo ya pepopunda, dawa ya maumivu, na eksirei kama mkono ulikuwa umeishika betri. Ila muulizeni pia kama alivuta ule moshi, hasa akiwa chumba kilichofungwa. Akikohoa au kifua kikimbana, asiruhusiwe kwenda nyumbani usiku huohuo, kwani mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.