Yohana, Ivan, Yahya: maswali yenu kuhusu jina moja

Safari hii nimeyaweka pamoja maswali yote yanayomhusu Yohana na jamaa zake.

Jina Yohana lilianzia wapi, na lina maana gani?

Ni jina la Kiebrania: Yohanan, au kwa urefu wake Yehohanan. Sehemu ya kwanza ni ufupisho wa jina la Mungu, Yahweh. Ya pili inatokana na kitenzi cha kukirimu, kumtendea mtu kwa neema. Kwa hiyo jina zima ni sentensi: Yahweh amekirimu. Shina hilo la pili limezaa pia Hana, mama yake Samweli, na Anania. Wafoinike nao walikuwa nalo. Hannibal, jemadari wa Carthage aliyevuka milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Kristo, jina lake lilimaanisha kwamba Baali amekirimu. Badilisha mungu na mpangilio, nawe umempata Yohana.

Naomba kuuliza: inawezekanaje Ivan, Giovanni, Hans na John yawe jina moja? Hata hayafanani!

Hayafanani kwa sababu kila lugha ililisikia kwa masikio yake. Wagiriki hawakuwa na herufi ya kuandika h katikati ya neno, wakaidondosha, kisha wakaongeza mwisho unaofaa majina yao ya kiume: Ioannes. Walatini waliirudisha ile h katika maandishi, Iohannes, ila midomoni mwa watu ilikuwa imekwisha kufifia, na o na a zikabaki zimegusana. Warusi na Waitalia, bila kushauriana, waliingiza v katikati ya irabu hizo: Ivan, Giovanni. Wajerumani walipofupisha Johannes walishika mkia wakaacha kichwa, ndipo tukapata Hans. Waholanzi na Wapolandi wana Jan, na husoma "Yan".

Ile J ya Kiingereza ina kisa chake. I ya Kilatini mwanzoni mwa jina hili ilisomwa kama y. Katika Kifaransa cha kale y hiyo iligeuka j, karibu na ile ya "jambo", na Wanormani wakaivusha hadi Uingereza baada ya mwaka 1066. Waingereza wakabaki nayo. Wafaransa wenyewe waliilainisha baadaye (Jean), nao Wahispania wakaipeleka kooni: Juan husikika kama "Khuan".

Wanaonifurahisha zaidi ni Waayalandi, waliolipokea jina hili mara mbili. Kwanza lilifika na Kilatini cha kanisa, likawa Eoin. Karne kadhaa baadaye lilikuja tena na Wanormani, likawa Seán. Huko Wales nako, koo za Jones na Evans zinazoonekana kutohusiana zote zina maana ya mwana wa Yohana, moja kupitia John, nyingine kupitia Ifan. Waweke pamoja na Ivanov, Hansen na Hovhannisyan wa Armenia.

Yahya ndiye Yohana?

Kwa mtu, ndiyo: Yahya mwana wa Zakaria ndiye Yohana Mbatizaji. Kwa jina, mambo ni mapana zaidi. Waarabu Wakristo husema Yuhanna, umbo lililo karibu na Kiebrania. Yahya kwa sikio la Kiarabu ni "anaishi", na wafasiri wengi wa Kurani wameliunganisha na uhai. Lakini fungua Sura ya Maryam, aya ya 13: Yahya anaelezwa kuwa alipewa "hanan", yaani huruma, neno lenye shina moja na ile "hanan" ya Yohanan. Vitabu vyote viwili vinakazia pia upya wa jina lenyewe. Katika Luka sura ya 1 majirani na jamaa wanapinga kwamba hakuna mtu wa ukoo mwenye jina hilo, mpaka Zakaria anapoandika kwenye kibao. Na aya ya 7 ya Maryam inasema hakuna aliyepewa jina hilo kabla yake.

Jonathan ni kirefu cha John?

Hapana, ingawa kosa hili limeenea sana. Jonathan ni Yehonatan, Yahweh ametoa. Wanashirikiana kichwa tu. Jamaa wa karibu wa Jonathan ni Nathanaeli.

Mbona Jean ni mwanamume Ufaransa na mwanamke Uingereza?

Ni majina mawili yaliyokutana kwenye tahajia moja. La Ufaransa ni Iohannes. La Uingereza, lililoshamiri kwanza Scotland, limetoka kwa Jehanne, umbo la kike la Kifaransa cha kale. Huko ndiko walikotoka pia Jane, Joan na Siobhán wa Ireland. Wala umbo la kike si jambo la juzi: Luka 8:3 inamtaja Yoana, mkewe Kuza.

Na Jack?

Ni John pia, kupitia Jankin, "Jan mdogo". Rais John F. Kennedy aliitwa Jack nyumbani kwao.

Yohana au Yohane, lipi sahihi?

Yote mawili. Biblia ya Union Version huandika Yohana, Habari Njema huandika Yohane, na Wakatoliki wamezoea hilo la pili. Fuata analoandika mwenye jina.

Ni kweli hakukuwa na Papa Yohane wa XX?

Kweli. Aliyechaguliwa mwaka 1276 alijiita Yohane wa XXI, kwa kuwa orodha za zama zile zilikuwa zimemhesabu Yohane mmoja wa ziada. Namba haikurekebishwa, na aliyechaguliwa mwaka 1958 akaendeleza hesabu hiyo hiyo kwa kujiita wa XXIII.