Tokeni za duka la kampuni ya mbao: usizisugue, na ujue zimetoka kiwanda gani

Naendesha lori huku Texas mwaka wa kumi sasa, na njia yangu kubwa ni ile 59 inayotoka Houston kwenda Lufkin, misonobari kushoto misonobari kulia. Huko ndiko nilikoanzia kukusanya hizi tokeni, na kwa vile watu wananiuliza sana inbox acha niandike hapa niliyojifunza, anayetaka kuanza asirudie kosa langu.

Tokeni ninazosema sio za umeme jamani. Ni vipande vya shaba au alumini, vinafanana na sarafu, makampuni ya mbao ya Marekani yalikuwa yanawapa wafanyakazi badala ya hela, zaidi mwisho wa karne ya 19 mpaka kwenye miaka ya 1930. Kampuni ilimiliki kila kitu, kiwanda, nyumba unayolala, duka, wakati mwingine hata reli, na mshahara unatoka mara moja kwa mwezi, sasa katikati ya mwezi unga umeisha unaenda ofisini unakopa kwenye jasho lako mwenyewe, unapewa tokeni, na tokeni yenyewe inakubalika dukani kwao tu. Ukitaka ibadilishwe iwe hela taslimu, mara nyingi walikukata sehemu ya thamani yake. Ndiyo maana chama cha wafanyakazi wa mbao kilichoanzia Louisiana mwaka 1910, weusi na weupe pamoja, kwenye madai yake kiliweka hilo la kulipwa hela halali.

Mimi babu yangu alikata mkonge Tanga enzi za kipande. Siku ukimaliza kazi uliyopimiwa inawekwa alama, usipoimaliza haihesabiwi, na hela huoni mpaka zitimie siku 30. Kwa hiyo nilipoishika tokeni ya kwanza nilijua kabisa nimeshika nini.

Hiyo ya kwanza niliipata kwenye duka la vitu vya kale, mama mmoja mtu mzima alikuwa nayo ndani ya chupa ya vifungo vya nguo, nikalipa dola 8. Shaba, katikati ina tundu la umbo la nyota, rangi yake kahawia iliyoiva kama maganda ya ukwaju. Nikafika nyumbani nikaisugua na dawa ya kung'arishia vyombo mpaka ikawaka. Baadaye nikaipeleka kwenye maonyesho ya wakusanyaji, mzee mmoja akaigeuza mara moja tu akaniambia kwa upole kwamba ile rangi niliyoitoa ilichukua miaka mia kujitengeneza na hairudi. Iliniuma sana na bado inaniuma. Kwa hiyo usisugue, usitumie limao, usitumie dawa ya meno. Kama ina udongo iloweke kwenye maji safi, kama ina mafuta au gundi tumia asetoni safi ya dukani dirisha likiwa wazi, ikauke yenyewe, basi. Na usiziweke kwenye vile vimfuko laini vya plastiki ya PVC, vinatoa ute wa kijani unaoila shaba.

Sasa kuisoma, hapa ndipo wengi wanapotea. Utaona imeandikwa GOOD FOR 5 IN MERCHANDISE, yaani ni ya bidhaa za senti 5, na hayo maneno ya bidhaa hayakuwekwa kwa urembo. Sheria ya mwaka 1862 ilikataza mtu binafsi kutoa noti au tokeni ya chini ya dola moja itembee kama hela, halafu kwenye miaka ya 1870 kesi ya noti za kampuni ya Bangor Furnace ya Michigan ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, mahakama ikasema noti ya senti 50 inayolipwa kwa bidhaa za dukani haivunji ile sheria. Neno moja tu hilo, na mtu akabanwa na duka moja.

Kitu kingine, ukiona Ingle System au ORCO usikimbilie kudhani ndiyo kampuni ya mbao. Hao ni watengenezaji tu, Ingle walikuwa Dayton na Orco walikuwa Cincinnati, zote Ohio, walitengenezea maduka ya kila aina, ya mbao na ya makaa ya mawe. Unachotafuta ni jina lenye LUMBER CO. na mji. Isiyo na mji ni kazi ngumu, mimi huwa naanza na ramani za Sanborn, zilichorwa kwa ajili ya bima ya moto na zinaonyesha kiwanda na mara nyingi na duka lake, ziko bure mtandaoni kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa za huku kwetu mashariki ya Texas nenda Diboll, mji ulioanzishwa na kampuni ya Southern Pine mwaka 1894, wana kituo kizuri cha kumbukumbu pale.

Feki zipo. Iogope yenye herufi kali kama imetoka mashineni jana huku mwili mzima mweusi, maana matumizi ya kweli yanakula sehemu zilizoinuka kwanza na weusi unabaki kwenye mashimo. Na mambo ya kwenda kuchimba na kifaa cha kutafutia chuma, tahadhari kubwa. Misitu mingi ya serikali huku ni ardhi iliyoachwa na hao hao wa mbao baada ya kumaliza miti, na kuchukua vitu vya kale kwenye ardhi ya serikali kuu ni kosa. Shamba la mtu omba ruhusa, tena kwa maandishi.

Kila ninayonunua naiandikia karatasi: nimeipata wapi, lini, muuzaji amesema nini. Kuna moja ya alumini, ya senti 10, mtu ameikwaruza herufi mbili nyuma kwa ncha ya kisu, J na M. Muuzaji alinipunguzia bei akasema imeharibika. Siiuzi hiyo. Kwenye karatasi yake kampuni nimeshaijua, mji nimeshaujua, mstari wa J na M bado uko wazi.