Kabla Hujaandika Barua ya Kuomba Udhamini

Msimu wa mashindano ukikaribia, ujumbe huwa ni uleule: "Kaka, tutafutie mdhamini." Nikiwauliza vijana wa kamati ya mashindano watampa nini huyo mdhamini, wanajibu nembo kwenye jezi na bango pembeni ya uwanja. Kwa muuza soda, hiyo inatosha kabisa. Ila siku hizi kampuni nyingi zenye pesa haziuzi kitu ambacho mtazamaji anaweza kukinunua akitoka uwanjani, na kwa hizo barua ya nembo na bango haifiki mbali.

Naishi Tampa, Florida, na mfano ninao mlangoni. Kuna mechi ya vyuo vikuu ya mpira wa Kimarekani inayochezwa hapa kila mwaka, uwanja wa Raymond James, mkesha wa Mwaka Mpya au siku za mwanzo za Januari. Kwa zaidi ya miaka 25 iliitwa Outback Bowl, jina la mgahawa wa nyama choma, na hakuna aliyeuliza maswali: mechi ikiisha, watu walijua kesho mgahawani ni kitunguu cha kukaanga au kamba wa nazi wa bure, kutegemea nani kashinda. Mwaka 2022 likatangazwa jina jipya, ReliaQuest Bowl. ReliaQuest ni kampuni ya usalama wa mtandao, imeanzishwa 2007, makao yake hapahapa Tampa. Inazisaidia kampuni kubwa kuwagundua wadukuzi na kuwazuia kabla hawajaleta madhara. Sasa mpenzi wa mpira mwenye kofia na bia mkononi atanunua nini hapo?

Mechi ya kwanza kwa jina hilo, tarehe 2 Januari 2023, nilikuwa jukwaani. Mississippi State walikuwa wametoka kumpoteza kocha wao Mike Leach, aliyefariki Desemba 12. Alipenda sana habari za maharamia, kwa hiyo vijana wake walivaa helmeti zenye bendera ya maharamia, ndani ya uwanja ambao nao una meli ya maharamia upande mmoja. Waliwafunga Illinois 19–10. Katikati ya kelele hizo mzee aliyekaa karibu nami akauliza, "Hivi hawa ReliaQuest wanafanya nini hasa?" Mama wa safu ya mbele akageuka: "Sielewi vizuri, ila mwanangu kaomba kazi kwao."

Jibu la huyo mama ndilo ninalowasomea vijana wa kamati. Mtaalamu mzuri wa usalama wa mtandao hapatikani kirahisi, na akimaliza chuo anaitwa na kampuni kadhaa kwa wakati mmoja. Jina ambalo mama yake analijua lina uzito pale mezani. Halafu kuna vyumba vya juu vya wageni. Mkuu wa usalama wa benki hapokei simu ya muuzaji, lakini ukimwalika na familia yake kwenye mechi inayochukua saa tatu na ushee, mtazungumza tu. Na mdhamini anayebeba jina la mechi hakwepeki: mtangazaji hawezi kuitaja mechi bila kumtaja yeye.

Huku kwetu tuna mashindano ya kiangazi, vijana wa Kikongo, Kirundi, Kitanzania na Kikenya. Tulipoiandikia kampuni ndogo ya kompyuta, nilishauri aya ya nembo ishushwe chini kabisa. Juu tukaweka idadi ya wachezaji wanaosomea kompyuta, na ahadi ya hema moja kabla ya fainali ambapo wafanyakazi wao wangeongea na vijana kuhusu kazi, na kuwasaidia wazazi kulinda simu zao. Meneja alipopiga simu, aliulizia hema tu. Jezi, mipira na posho ya waamuzi vikalipwa. Siku yenyewe foleni ya akina mama ilikuwa ndefu kuliko ya soda. Mmoja neno lake la siri, kwa benki, barua pepe na kila kitu, lilikuwa jina la kifungua mimba wake na 123. Alilitaja kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Alilibadilisha palepale.

Tahadhari mbili. Mdhamini akitaka orodha ya wachezaji na namba zao za simu, msimpe. Anayetaka kuzungumza naye aje hemani, atoe namba mwenyewe. Na pesa iingie kabla jina halijachapishwa. Ng'ambo ya ghuba, St. Petersburg, mechi ya Desemba 2014 ilibeba jina la Bitcoin, sarafu ya mtandaoni, kwa udhamini wa kampuni ya malipo ya BitPay. Makubaliano yalikuwa yafike 2016, lakini yakaishia kwenye mechi hiyo moja. Mwezi huohuo BitPay yenyewe ilitapeliwa kwa barua pepe za uongo, zikaondoka bitcoin 5,000. Kama ni pesa ya awamu, awamu ya kwanza igharamie uwanja na waamuzi. Jezi za mwakani zisubiri awamu ya pili.