Jibu kwa wa Njiro: hiyo stendi ACHA

Usitume hiyo pesa! Kama bado hujabonyeza, weka simu chini usome kwanza.

Umeuliza kamera gani na sekunde ngapi za kupiga picha galaksi ya spirali (lile kundi kubwa la nyota lenye mikono iliyojisokota) ukiwa uani kwako, halafu katikati ukachomekea kwamba kuna jamaa anakuuzia stendi ya darubini ya ekwatoria (ile inayozunguka na mota kufuata nyota) iliyotumika Ulaya. Hapo ndipo chai ilinipalia.

Mimi niliinunua hiyohiyo, milioni moja na laki mbili. Muuzaji akaniapia: "Kaka, hii ni ya ikweta, na wewe si uko ikweta?" Na mimi na digrii yangu nikaona kasema kweli! Kumbe mhimili wa ile stendi lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia, yaani uinuke kwa nyuzi zilezile za latitudo yako. Ulaya ni 50 hivi. Moshi na Arusha ni 3 na kitu, karibu ulale kabisa. Kipimo cha ubavuni kwenye stendi yangu kiliishia 20, hakishuki chini ya hapo. Stendi ya ikweta isiyofika ikweta, nani katuroga?

Sikukubali. Nikainua mguu mmoja kwa tofali. Ikainama kidogo, nikaongeza la pili. Uzani wa kusawazisha darubini ukagonga mguu wa stendi, kah! Mota ikazidi kusukuma, darubini ikashuka polepole kama mlevi anayetafuta kiti, ikatua juu ya banda la kuku. Kioo ufa, jogoo anawika saa nne usiku, mama mwenye nyumba katoka na panga. (Kuku wote wazima, msiulize.)

Picha niliyoambulia? Nyota ndefu kama punje za mchele. Nilipompigia muuzaji akanijibu eti labda uwanja wangu ndio umepinda. Uwanja!

Chukua stendi ya kawaida yenye mota, ya juu-chini na kulia-kushoto. Piga picha za sekunde 10, mia kadhaa, uzirundike kwa programu ziwe picha moja. Na galaksi ya M51 waachie wa kaskazini. Sisi tuna M83, nayo galaksi ya spirali, mwishoni mwa Juni saa mbili usiku iko juu upande wa kusini, zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho.

Ukiing'ang'ania hiyo ya ekwatoria, mwambie muuzaji akutumie picha ya kipimo cha latitudo KABLA ya shilingi moja. Kama hakishuki hadi 3, kimbia. Akisema namba zimefutika, basi ni yuleyule wangu, muulize laki zangu ziko wapi.