Seva imekwama kwenye initramfs baada ya kupandisha toleo: usisakinishe upya

Mkuu, unasema umepandisha toleo la Debian kwenye seva yenye diski mbili za RAID 1 (zinazobeba nakala ileile ya data) na LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski) juu yake, ukaiwasha upya, na sasa imekwama kwenye initramfs ikilalamika kwamba /dev/mapper/vg0-root haipo. Kuna aliyekushauri usakinishe upya. Nakuomba usifanye hivyo. Seva za aina hii nimezihudumia sana, na mara nyingi data huwa salama. Kinachokosekana ni njia ya kuifikia.

Kufika hapo kuna maana yake: GRUB (programu inayoanzisha mfumo) imefanya kazi na kerneli imepakiwa, kwa hiyo GRUB usiiguse kwa sasa. Initramfs ni mfumo mdogo unaokaa kwenye RAM, na kazi yake ni kuunganisha RAID, kufungua LUKS (usimbaji fiche wa diski) kama ipo, kuamsha LVM, halafu kukabidhi mfumo mkuu. Zana moja ikisahaulika wakati initramfs inatengenezwa, mnyororo mzima unakatika.

Anza na cat /proc/mdstat, inayoonyesha hali ya RAID. Ikiwa haina kitu, jaribu mdadm --assemble --scan (mdadm ndiyo zana ya kusimamia RAID). Ukiambiwa amri ya mdadm haipo, tatizo umeshalipata: haikuingizwa kwenye initramfs. Ukiona RAID imeitwa md127 badala ya md0, usiogope. LVM hutafuta diski zake kwa UUID (kitambulisho cha pekee), jina halisumbui isipokuwa kama umeandika /dev/md0 kwenye fstab (orodha ya diski za kupachika). Ikiwa RAID inaonekana lakini ni inactive (haijaanza kazi), kagua kwanza kama diski moja imepotea. Na kwa hali yoyote usitumie mdadm --create. Hiyo inaandika metadata mpya juu ya ile ya zamani, na nimeona data iliyokuwa nzima ikipotea kwa amri hiyo moja.

RAID ikishasimama, andika lvm vgchange -ay ili kuamsha LVM, kisha exit. Mara nyingi seva inaendelea kuwaka palepale.

Ikiwaka, usiizime tena kabla hujatibu chanzo. Tazama df -h /boot kwanza. Patisheni ya /boot ikijaa, initramfs mpya haikamiliki, na onyo lake hupita haraka katikati ya mistari mingi ya apt. Ondoa kerneli za zamani kwa apt, si kwa rm. Kisha linganisha matokeo ya mdadm --detail --scan na /etc/mdadm/mdadm.conf, rekebisha, uendeshe update-initramfs -u -k all. Hakikisha kwa lsinitramfs (inayoorodhesha yaliyomo kwenye initramfs) kwamba mdadm na lvm zimo ndani ya faili la kerneli mpya. Kwa wenye LUKS: tangu Debian 10 kuna paketi ya pekee, cryptsetup-initramfs. Isipokuwepo, hutaulizwa hata nenosiri.

Ikigoma kabisa, washa kwa fleshi ya Linux, unganisha RAID na LVM, kisha ingia kwenye mfumo wako wa diski kwa chroot baada ya kupachika /dev, /proc, /sys na /run kwa mount --bind. Hapa wengi hujikwaa: lazima upachike na /boot pia, pamoja na /boot/efi kama ipo, la sivyo initramfs mpya itaandikwa kwenye folda tupu ya mfumo mkuu na GRUB haitaiona. LUKS nayo ifungue kwa jina lilelile lililo kwenye /etc/crypttab (orodha ya diski zilizosimbwa).

Wa Red Hat na jamaa zake, kutengeneza initramfs upya, hutumia dracut -f --regenerate-all, na wakague pia rd.lvm.lv na rd.md.uuid kwenye mstari wa kerneli (vigezo inavyopewa ikiwashwa).

Baadaye, kama seva ni ya BIOS (mfumo wa zamani wa kuwasha, si EFI), weka GRUB kwenye diski zote mbili, maana ikifa ile yenye GRUB pekee, RAID haitakuwashia seva.

Kwa sasa weka hapa matokeo ya cat /proc/mdstat na blkid (inayoorodhesha diski na UUID zake), kabla ya amri yoyote inayoandika kwenye diski.