Kama dunia itaungua, miti ni ya nini?

SWALI: Pasta, Bwana asifiwe. Kwetu kanisani tunaambiwaka dunia hii itaungua yote na Mungu ataleta ingine mpya. Sasa juu ya nini kijana wangu anapoteza siku ya posho (Jumamosi) anapanda miti na kuokota plastiki pembeni ya ziwa? – Mama wa Ndosho, Goma

JIBU: Asifiwe milele mama. Usimkataze hata kidogo. Yesu alipofufuka hakuacha mwili wake kaburini akachukua mwingine, ni ule ule wenye alama za misumari, ukafanywa mpya, na mimi naamini Mungu ataifanyia hivyo dunia yake. Paulo kwenye Warumi 8 anasema viumbe vyote vinaugua kama mama mwenye uchungu wa kuzaa, sasa mama akishikwa na uchungu tunamutupa? Tunamushika mkono, tunangoja mtoto.

Unakumbuka volkano yetu ya Nyiragongo ya 2002, moto ulipita katikati ya muji mpaka ziwani, tukasema hapa hakuna kitu itaota tena. Kuja uone nyuma ya nyumba yangu, kwenye nyufa za mawe yale meusi kumetoka majani, na mupapai moja uko na matunda.

Makala (mkaa) tunapika nayo sisi wote, sikulaumu, lakini mingi inatokaka miti ya mbuga ya Virunga, basi anayepanda anarudisha kitu. Mwambie achimbe shimo kubwa aweke udongo, sababu mawe yetu hayashikake maji. Posho nitakuja na jembe.