Ndege 60, watu 3,000: Jeshi la Anga la Ufini baada ya vita

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nafuatilia habari za majeshi madogo ya anga baada ya Vita Kuu ya Pili. Nasoma kwamba Ufini iliwekewa kikomo cha ndege 60, lakini hapohapo naona ilinunua na kuunda ndege 80 za Fouga Magister. Tena Messerschmitt za Kijerumani ziliendelea kuruka huko hadi 1954. Imekuwaje? Na ndege za mabomu walizokuwa nazo ziliishia wapi?

JIBU: Marahaba. Tuanze na karatasi yenyewe. Mkataba wa Amani wa Paris, uliosainiwa Februari 10, 1947, uliipa Ufini ndege 60, za akiba zikiwemo, na watu wasiozidi 3,000 katika jeshi lote la anga. Ukaikataza kabisa kumiliki ndege zilizobuniwa hasa kwa kazi ya mabomu, zile zinazobeba mabomu ndani ya kiwiliwili. Nchi nyingine zilizosaini siku hiyo zilipewa hesabu mbili: Hungaria na Bulgaria ndege 90 kila moja, za mapigano zisizidi 70, Romania 150, za mapigano zisizidi 100. Kwa Ufini hakuna mgawanyo wa namna hiyo. Ni 60 basi.

Kiutendaji, hata hivyo, kikomo kilihesabiwa kwa ndege za mapigano, na za mafunzo zikaachwa nje. Hapo ndipo Fouga zako 80 zinapoingia: 18 zilinunuliwa Ufaransa kuanzia 1958, na 62 ziliundwa nchini na kiwanda cha Valmet kwa leseni. Ni ndege ya viti viwili ya kufundishia, lakini ina mahali pa kufunga bunduki za rashasha na roketi. Kwa jicho langu la kiufundi huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote waliyofanya. Kijana alijifunza juu yake, rubani mzoefu akapata saa zake za kuruka kwa gharama ndogo, na fundi akaijua injini ya aina moja mpaka usingizini.

Ukitaka kuelewa thamani ya jambo hilo, angalia walikotoka. Wakati wa vita walinunua popote palipopatikana: Brewster za Marekani, Blenheim za Uingereza, Morane za Ufaransa, Fiat za Italia, Fokker za muundo wa Kiholanzi, kisha Messerschmitt na Junkers za Ujerumani, bila kusahau walizoziteka kwa Warusi. Jiweke karakanani. Boliti ya Blenheim imekatwa kwa vipimo vya Kiingereza, spana ya milimita haiishiki. Hamia Messerschmitt, boksi zima la spana linabadilika, mafuta ya hidroliki yanabadilika, kitabu cha maelekezo kiko kwa lugha nyingine. Jeshi kubwa linaweza kumweka fundi wake kwa kila aina. Jeshi la watu 3,000 haliwezi, maana humo humo kuna wapishi, madereva, waongozaji wa ndege na makarani. Mimi naona kikomo cha watu kiliwabana kuliko kile cha ndege.

Sasa Messerschmitt. Ufini ilipokea ndege 159 za Messerschmitt za aina ya Bf 109 G kati ya 1943 na 1944, na vita vilipokwisha bado ilibaki na idadi ya kutosha. Hazina ya serikali ilikuwa ikilipa fidia ya vita kwa Umoja wa Kisovieti, kwa hiyo walitumia walichonacho. Ugumu wake ulikuwa injini, Daimler-Benz DB 605, kwa sababu kiwanda mama kilipigwa marufuku kuunda injini za ndege. Hata nchi zilizokuwa na mitambo ya kuunda bodi ya 109 zilikwama hapohapo: Chekoslovakia ikafunga injini ya Jumo 211, nzito na isiyoelewana na bodi ile, na Hispania mwishowe ikafunga Merlin ya Kiingereza. Ukiwa huna injini mpya, njia ni ile ile ya karakana zetu za magari: unachinja moja ili nyingine ipone. Safari ya mwisho ya 109 huko Ufini ilikuwa Machi 1954.

Warithi wake walikuja kidogo kidogo. Vampire 6 za kwanza, ndege za mapigano za jeti za Kiingereza, ziliwasili 1953, na toleo la mafunzo la viti viwili likafuata 1955. Folland Gnat, nazo jeti za Kiingereza, zilikuwa 13 tu, kuanzia 1958. MiG-21 za Kisovieti zilifika 1963, lakini kabla yake zilitangulia MiG-15 za viti viwili za kufundishia. Mpangilio huo wa mwalimu kwanza na silaha baadaye ni sahihi. Kuhusu muundo, mwishoni mwa miaka ya 1950 vikosi vya ndege vilikuwa chini ya kamandi tatu zenye majina ya mikoa, Häme, Satakunta na Karelia, na shule ya marubani ilikuwa Kauhava.

Si kila walichojaribu kilifaa. Valmet Vihuri, ndege yao ya mafunzo iliyoruka mara ya kwanza 1951, ilifungwa injini za Bristol Mercury zilizobaki tangu enzi za vita. Kiuchumi lilikuwa wazo zuri, spea zilikuwepo. Lakini ajali zilizidi, wanafunzi na wakufunzi wakapoteza maisha, na mwaka 1959 ikaondolewa. Injini ya akiba ni mali, ila umri wake unahesabika hata ikiwa imelala stoo.

Ama ndege za mabomu, Junkers 88 na Blenheim ziliacha kazi ya kijeshi mwaka 1948, na nyingi zilikatwakatwa kuwa chuma chakavu miaka ya mwanzo ya 1950. Blenheim chache zilibakizwa kuvuta shabaha za mazoezi ya mizinga, na ya mwisho iliruka Mei 1958. Miaka ya 1960 zilipokuja Ilyushin Il-28 nne kutoka Umoja wa Kisovieti, ndege iliyobuniwa kwa mabomu waziwazi, nazo zilipewa kazi hiyohiyo ya kuvuta shabaha.